Baraza Chini ya Dirisha

3 Machi

Binti yetu ameniachia daftari hili kabla ya kurudi kazini kwake mjini. "Mama, andika saa za dawa za baba, usitegemee kichwa." Nimeandika: vidonge viwili vyeupe asubuhi, kimoja cha njano mchana, na kile cha kutoa maji mwilini, ambacho mgonjwa wetu anakiita mwizi kwa sababu hakimpi usingizi. Ukurasa umejaa nusu tu. Mimi ni mshonaji, situpi kitambaa kilichobaki hata kama hakitoshi mfuko wa shati. Basi na kurasa hizi sitazitupa.

Mawingu yamekusanyika tangu mchana. Bado hayajaamua.

4 Machi

Fundi ni mume wangu. Kila mtu anamwita hivyo, na mimi nilianza siku alipokuja kutengeneza mlango wa mama yangu, nikashindwa kuacha hata baada ya harusi. Ni seremala. Mapaa ya mtaa huu mengi ameyapandisha yeye. Tangu mwaka jana moyo wake umetanuka, hausukumi damu vizuri. Miguu inavimba, na kutoka kitandani mpaka mlangoni lazima apumzike njiani. Daktari alisema dawa zitamsaidia kupumua, lakini moyo haurudi ulivyokuwa. Akanivuta pembeni: "Mama, sasa mpe raha tu." Hakunieleza hiyo raha inauzwa duka gani.

Tumemhamishia chumba cha nyuma kwa sababu kiko karibu na choo. Dirisha linaangalia uani: kamba ya nguo, pipa la maji, ukuta wa jirani. Leo nesi mstaafu wa nyumba ya pili, anayekuja kumpima presha, alimuuliza anatamani nini. Nilikuwa mlangoni nimeshika beseni.

"Natamani kukaa nje, nesi. Watu nimewajengea mabaraza mpaka nimesahau idadi, na mimi nalala naangalia ukuta."

Mganga hajigangi. Kila mwaka alisema mwaka huu lazima tujenge letu, na kila mwaka kulikuwa na paa la mtu linavuja. Uani kwetu kuna mteremko, mvua ikinyesha panakuwa tope tupu, na kizingiti cha mlango wa nyuma kiko juu. Hawezi kushuka pale, na hata akishuka kiti kitazama.

Nimekwenda stoo. Mbao alizotunza kwa ajili ya baraza bado zipo, zimekauka mpaka ukizigonga zinalia.

5 Machi

Nimemwambia nitalijenga mwenyewe: sakafu ya mbao iliyo sawa na kizingiti, mabenchi pembeni, na kivuli juu. Amecheka mpaka akakohoa, nikamwinua mgongo.

"Wewe? Kwa vidole hivyo vya sindano?"

"Kwa vidole hivi hivi."

"Na nani atakufundisha?"

"Kuna fundi mmoja kalala humu ndani, hana kazi."

Hakucheka tena. Aligeukia ukutani, nikajua nimemuumiza, nikaanza kukunja nguo zilizokwisha kunjwa. Baadaye kidogo akasema, "Nisogezee kitanda dirishani."

6 Machi

Mvua ya kwanza. Uani hapakanyagiki.

8 Machi

Mdogo wake Fundi tunamwita Nipo Njiani, kwa sababu hilo ndilo jibu lake la simu kwa jambo lolote, liwe harusi au msiba. Nimempigia aje anisaidie kuchimba mashimo ya nguzo. "Shemeji, nipo njiani." Nyuma yake nilisikia redio ya sebuleni kwake.

Nimechimba mwenyewe. Fundi alikuwa dirishani, mto nyuma ya mgongo.

"Ongeza kina."

"Si panatosha?"

"Panatosha kupandia maharage."

Nimeongeza kina. Mikono imetoka malengelenge, na leo sikuweza kushika mkasi.

11 Machi

Nguzo zimesimama kwenye zege. Fundi amenifundisha timazi, lile jiwe la chuma linaloning'inia kwenye uzi. "Usiangalie nguzo, angalia uzi. Nguzo itakudanganya, uzi hauna sababu." Ya kwanza niliisimamisha, akasema imelala. Nikaisukuma, akasema sasa imelala upande wa pili. Nikaisukuma tena.

"Fumua, mama cherehani," akasema, na neno lenyewe kaliiba kwangu.

12 Machi

Mvua. Fundi amekula uji nusu kikombe.

13 Machi

Mvua. Miguu imevimba zaidi.

16 Machi

Nilipandisha boriti ya mbele, ile itakayobeba sakafu. Niliweka pima maji juu yake, kiputo kikakaa katikati kama mtoto mtiifu. Fundi akasema imeinama kushoto.

"Fundi, kiputo kiko katikati."

"Hiyo pima maji imezeeka."

"Juzi ulisema ni ya Mjerumani, haizeeki."

"Juzi ilikuwa juzi."

Nikaishusha, nikairudisha palepale ilipokuwa, akasema sasa imekaa. Ugonjwa unamfanya mtu mgumu. Mama yangu aliniambia mwanaume akiumwa anarudi kuwa mtoto, lakini hakuniambia anarudi kuwa mtoto mbishi.

22 Machi

Binti amekuja bila kupiga simu. Alinikuta nimevaa suruali ya baba yake, nimeifunga kiunoni kwa mkanda wa kitambaa, nywele zimejaa vumbi la mbao. Hakunisalimia kwanza.

"Mama, baba anaumwa, wewe unapigilia misumari?"

"Ni kwa ajili yake."

"Kwa ajili yake ungekaa naye. Nimemkuta peke yake chumbani."

"Yuko peke yake wapi? Dirisha lile pale. Tangu asubuhi ananigombeza."

"Mama, unakimbia."

Nikamwambia yeye ndiye aliyekimbilia mjini, na maneno hayo yalipotoka nikatamani kuyarudisha. Aliingia ndani, akamwosha baba yake miguu kwa maji ya uvuguvugu taratibu, akaondoka na basi la jioni. Alinikumbatia mlangoni, lakini kwa mkono mmoja.

Nimekaa na neno lake. Lina ukweli. Nikikaa pembeni ya kitanda namwangalia kifua kinavyopanda na kushuka, naanza kusubiri pumzi inayofuata, na nikisubiri pumzi sina neno mdomoni. Nikiwa nje na nyundo naweza kumwambia chochote. Naogopa kile chumba. Nimeliandika, basi.

25 Machi

Leo nimeanza sakafu. Ndipo nilipojiona hodari. Ubao kwa ubao nimezibana kwa kabari, nikapigilia, mpaka kati ya mbao na mbao hata wembe haupiti. Nilimwita jirani nesi aje aone. Akasema hata kwenye gauni lake la Pasaka hakuona mshono kama huu, na lile gauni nilimshonea mimi.

Nikamgeukia Fundi. Alikuwa ananiangalia, ameegemeza kidevu kwenye nondo ya dirisha.

"Vipi?"

"Umekaza vizuri," akasema.

Tangu nianze kazi hii hakuwahi kunisifu. Nimeimba nikiosha vyombo.

27 Machi

Sakafu imekwisha. Nimeipiga msasa. Bado mabenchi na kivuli.

29 Machi

Mvua.

30 Machi

Mvua. Maji yamefika kwenye kizingiti.

31 Machi

Mvua bila kupumua. Fundi anatazama nje muda wote.

1 Aprili

Asubuhi kumekauka kidogo. Nilifungua mlango wa nyuma nikadhani kuna mnyama amelala chini ya sakafu yangu. Katikati imeinuka kama tumbo. Mbao zimevimba, zikakosa pa kwenda, zikasukumana mpaka zikang'oa misumari. Nilipokanyaga, ubao mmoja ulilia, ukapasuka kwa urefu.

Niliingia chumbani na matope miguuni.

"Fundi, sakafu imeharibika."

"Zimekunywa maji," akasema. "Mbao kavu ukiipeleka nje lazima uiachie nafasi, unene wa msumari hivi, ipate pa kuvimbia."

Alisema taratibu, bila kushtuka, na ndipo nilipoelewa.

"Ulijua."

"Mama, mimi ni seremala tangu nina ndevu mbili."

"Uliniona ninazibana. Siku tatu uliniona! Ukaniambia nimekaza vizuri."

"Ulikaza vizuri kweli."

Kwangu mimi nafasi ni aibu. Mshono ukiachia, mteja anarudisha nguo na mtaa mzima unajua. Ningejuaje kwamba mbao zinataka kuachiana? Yeye alijua kwamba sijui. Alijua pia nitakavyofanya, kwa sababu anaijua mikono yangu kuliko mtu yeyote. Nilimwonyesha viganja, malengelenge yaliyopasuka na mapya yaliyoota juu yake.

"Hii mikono ndiyo inayolisha nyumba hii sasa. Kama hulitaki baraza, sema."

Aliitazama muda mrefu. "Nalitaka."

"Sasa kwa nini?"

Alivuta shuka mpaka kidevuni, na mimi nikatoka kabla sijasema la kujutia.

Nitaandika ninavyofikiri. Nafikiri ni wivu. Mtu aliyejenga mtaa mzima hataki kuona mke wake, mtu wa sindano na uzi, anamaliza kile alichoshindwa yeye. Nimeishi naye miaka mingi, nimeona hasira yake, nimeona ukimya wake, lakini roho mbaya sikuwahi kuiona. Inaniuma kuliko sakafu.

2 Aprili

Nimeshona sare za shule. Nyuma sikwenda, isipokuwa kupeleka dawa.

3 Aprili

Sare za shule. Amerudisha chakula.

4 Aprili

Cherehani iko chumba cha mbele kwa sababu wateja wanaingilia huko. Leo niligundua kwamba ikizunguka sisikii kitu chochote cha nyuma, hata kikohozi. Nimesimamisha gurudumu mara nyingi kusikiliza. Kimya.

5 Aprili

Nesi ametoka chumbani amekunja uso. Presha imeshuka na uji wote umebaki kikombeni.

"Kaniuliza nyundo ya mama cherehani imekwenda wapi."

"Mwambie inapumzika."

"Kamwambie mwenyewe, mimi nimekuja kupima presha."

Akavaa viatu vyake akaenda. Nilikaa na sare ya mtoto wa watu mapajani mpaka chai ikapoa. Sijamsamehe. Lakini mtu mwenye moyo kama ule huwezi kumnunia kama unavyomnunia mzima, maana hujui kama kutakuwa na siku ya kupatana.

6 Aprili

Nimechukua mtaimbo nikaanza kung'oa mbao zangu moja moja. Dirisha likafunguka.

"Ushike karibu na ncha, mama cherehani, usije ukakupiga kidevu."

Nikaushika karibu na ncha. Mchana alimaliza uji, akaomba mwingine.

10 Aprili

Tunazipanga upya. Kati ya ubao na ubao naweka msumari kama kipimo, napigilia, nautoa, nauweka mbele. Mboni za macho zinauma kwa kuangalia yale mapengo, naona kama nguo iliyochanika. Fundi anasema nitazoea. Leo kaniuliza msumari wa kupimia ni ule ule au nimebadilisha, nikamwambia ni ule ule, akasema niuoneshe. Nikauonesha. Akasema ulete karibu. Nikaupeleka mpaka dirishani. Akaushika, akaugeuza, akaurudisha.

"Sawa. Endelea."

13 Aprili

Tunaongea mpaka nasahau kama nina kazi. Tangu tuoane yeye alikuwa anatoka alfajiri na kurudi jioni, na mimi kutwa nzima nimeinamia cherehani. Tulikuwa tunalala pamoja na kuamka pamoja, na mchana kila mtu na wake. Leo nimejua kwamba mume wangu anaogopa kupanda juu. Mtu wa mapaa! Anasema kila asubuhi alipokuwa anapanda ngazi, miguu ilikuwa inatetemeka mpaka apige msumari wa kwanza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenizuia nisiende."

Mimi nikamwambia sipendi kushona magauni ya harusi. Bibi harusi wiki ya mwisho ama ananenepa ama anakonda, na lawama zote kwa fundi cherehani. Alicheka kicheko chake cha zamani, kinachoanzia tumboni. Binti alipiga simu wakati ule ule.

"Mama, huyo ni baba?"

"Ni yeye."

"Mbona sauti ina nguvu hivyo?"

Nikampa simu azungumze naye, nikaendelea na msumari wangu. Nilimsikia akimwambia mtoto wake, "Mama yako ni mwanafunzi mgumu, lakini atafika."

17 Aprili

Mvua. Nimeshona.

18 Aprili

Mvua. Miguu imevimba mpaka magotini, ngozi inang'aa. Nilimpaka mafuta. Akaitazama akasema, "Bandu bandu." Hakumalizia. Na mimi sikummalizia, ingawa gogo lenyewe sote tunalijua.

21 Aprili

Nesi alinishika mkono pale jikoni. Ana kawaida ya kusema mambo mabaya huku anatafuta kitu kwenye mkoba. Alisema pumzi za Fundi zimebadilika, maji yameanza kupanda kifuani, na kama nina watu wa kuwaita, niwaite.

"Ni miezi?"

"Miezi siioni, mama."

Nikamsindikiza mpaka nje, nikarudi, nikajifungia stoo katikati ya vumbi la mbao, nikalia mpaka nikachoka. Kisha nikakata miguu yote ya mabenchi siku ile ile. Fundi alisema wa pili ni mfupi. Sikuupima. Nilimwambia utakaa hivyo hivyo.

"Haraka haraka haina baraka," akasema.

"Baraka nitaipata wapi, Fundi? Nataka ukae nje."

Akarudisha kichwa kwenye mto.

24 Aprili

Kivuli nimeamua kiwe turubai, siyo mabati. Mabati mvua ikipiga hakuna kuzungumza. Na turubai ni kazi ninayoijua. Nimelikata nikakaa nalo kwenye benchi jipya chini ya dirisha, nikalipinda kwa mkono kwa sindano kubwa. Safari hii mjinga ni yeye.

"Hapo pindo umekunja mara mbili. Kwa nini?"

"Ili uzi usile kitambaa upepo ukivuta."

"Aaa. Na hiyo nta unayopaka kwenye uzi?"

Miaka yote hakuwahi kuniuliza kuhusu uzi. Nilimweleza kila kitu, akawa anatikisa kichwa kama mtu anayepewa siri. Mwisho akasema, "Pole pole basi. Kitambaa hakina haraka."

Nikamwambia mwenye haraka ni mimi. Nikaongeza urefu wa mishono ili nimalize.

28 Aprili

Shemeji Nipo Njiani amekuja. Nimeandika tena nisije nikadhani niliota: amekuja. Alibisha hodi mlango wa nyuma, kashika ngazi begani. Alipandisha turubai, akafunga kamba, akazunguka kuangalia kila fundo, na hakuomba hata chai. Alipomaliza nilimkuta nyuma ya pipa la maji, anaosha uso, na maji hayakuwa yanakwisha.

"Shemeji, nisamehe. Nilikuwa kweli njiani. Kila siku nilikuwa nafika pale kona, nikiona dirisha lake narudi."

Na mimi nilikuwa nimemweka kwenye fungu la wavivu. Nilimpa taulo. Fundi akapaza sauti kutoka ndani, kwa shida, akimuuliza kama fundo la kushoto kalifunga au kalibembeleza. Shemeji akacheka na kulia kwa pamoja.

2 Mei

Mabenchi yamepigwa mafuta. Nimefagia. Hakuna kilichobaki.

3 Mei

Mvua imepungua. Binti amefika asubuhi, kaomba likizo. Aliposimama kwenye sakafu alivua viatu bila kuambiwa, akapitisha vidole vya miguu kwenye mapengo ya mbao. "Mama," akasema, akanikumbatia kwa mikono yote miwili.

4 Mei

Jua limetoka baada ya chai. Shemeji alimbeba kaka yake mikononi kama anavyobebwa bibi harusi, na Fundi alikuwa mwepesi mno, nikageuka nisione. Tulimkalisha kwenye kiti chenye mito, chini ya turubai. Binti akamfunika miguu. Nesi akaja na kiti chake. Nilikuwa nimengoja siku hii tangu mvua ya kwanza.

Aliangalia nguzo. Aliangalia boriti. Akainama kwa shida akagusa ubao kwa kiganja, akaupapasa kama anavyopapasa mbao siku zote, akienda na nyuzi zake. Mimi nilikuwa nasubiri anigombeze.

"Kazi nzuri," akasema. "Sina la kusema."

Binti alipiga makofi. Mimi nilicheka. Shemeji akaanza hadithi ya paa fulani, watu wakachangia, na nilipomtazama tena Fundi nilimwona hatazami uani wala watu. Alikuwa anatazama mikono yangu, niliyoilaza mapajani.

"Kesho utafanya nini?" akaniuliza.

"Kesho? Nina sare za watu, zimelala muda mrefu. Narudi mbele kwenye cherehani."

Akaitikia kwa kichwa. Baada ya muda mfupi, jua likiwa bado zuri, akasema, "Nirudisheni ndani."

"Baba, si ndiyo kwanza umetoka?" binti akasema.

"Nimeona. Nirudisheni."

Shemeji akambeba. Aliomba kitanda kiondolewe dirishani, kirudi palepale pa mwanzo. Binti alidhani ni mwanga unaomuumiza macho.

5 Mei

Nimeshona kutwa. Binti yuko naye, anasema baba halalamiki, anashukuru kwa kila kitu. Kwa kila kitu! Mtu aliyekataa nguzo zangu zilizonyooka, aliyeizeesha pima maji ya Mjerumani, leo amepewa chai isiyo na sukari akasema asante mwanangu. Mkate kaurudisha. Amegeukia ukutani.

Gurudumu lilikuwa linazunguka nikalishika kwa kiganja. Nimekuwa mjinga namna gani? Nilidhani alikuwa ananionea wivu. Nilidhani anataka baraza. Alilitaka kweli, lakini alilitaka kama lilivyokuwa, halijakwisha, na mimi nimesimama chini ya dirisha namuuliza hapa niweke wapi. Wakati ule wote hakuwa mgonjwa. Alikuwa fundi, ana mwanafunzi mgumu. Ndiyo maana aliniacha nizibane zile mbao, ili mvua izifumue na tuanze upya. Na mimi nilikazana, nikakimbia, nikakata na miguu ya mabenchi bila kupima, mpaka nikammalizia kazi mikononi. Jana nilimtoa nje nikamwonyesha kwamba hana kazi tena.

Nimelia juu ya sare ya mtu, itabidi niifue.

6 Mei

Asubuhi nilimwomba binti aende sokoni. Nikavaa ile suruali. Nikaingia chumbani, na bila kumuuliza nikasukuma kitanda, yeye akiwa juu yake, mpaka dirishani. Akanitazama tu.

Nikatoka na mtaimbo. Nikapiga magoti kwenye sakafu yangu, ambayo haina kosa, ambayo nesi anasema itatuzika sote. Nikaangalia ubao wa tatu kutoka mlangoni. Umenyooka kama uzi wa timazi.

"Fundi!"

Kimya.

"Fundi, huu ubao wa tatu mbona umepinda?"

Kitanda kililia. Baada ya muda nikaona vidole vyake kwenye nondo, kisha paji la uso, kisha macho. Aliuangalia ule ubao. Mbao zile alizichagua mwenyewe, moja moja, anazijua kama ninavyojua vitambaa vyangu. Kisha akaniangalia mimi.

"Umepinda," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akavuta pumzi, akaitafuta tena. "Nilikuona siku ile. Umepinda vibaya sana. Anza na msumari wa mwisho, taratibu, usije ukaupasua."

Nimeung'oa. Imechukua asubuhi nzima, kwa maana kila nilipogusa msumari alisema siyo hivyo. Alipomaliza kunieleza namna ya kuurudisha, nikamwambia hata wa nne haujakaa vizuri.